Camp Perry, na bastola ya watengeneza taipu

Niliondoka Columbus saa kumi alfajiri, bastola ndani ya kisanduku chenye kufuli kwenye buti, risasi kwenye begi jingine. Camp Perry iko ncha ya kaskazini ya Ohio, ufukweni mwa Ziwa Erie, mwendo wa saa mbili na ushee. Njiani ni mahindi na soya tu, ekari kwa ekari, mpaka unapouona mnara mnene wa kinu cha nyuklia cha Davis-Besse ukitoa mvuke. Hapo unajua umekaribia.

Mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yanafanyika hapa tangu 1907. Nilipangiwa kibanda kidogo cheupe chenye vitanda vya chuma. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kambi hii iliwafungia mateka wa Kijerumani na wa Kitaliano, na usiku ule upepo wa ziwani ukigonga mlango niliwawaza sana.

Bastola yangu ni M1911A1, ubunifu wa John Browning. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 na halikuiweka kando rasmi mpaka 1985. Niliipata kwa CMP, shirika linalowauzia raia silaha za zamani za jeshi. Waombaji tulipangwa kwa kura, tukachunguzwa kumbukumbu zetu, kisha nikasubiri miezi. Iliyonifikia ni ya daraja la chini: rangi yake ya kijivu imelika kwenye kona, na upande wa kulia kuna mkwaruzo mrefu. Sitaugusa mkwaruzo ule. Kuna aliyeivaa kiunoni akaupata mahali fulani, na kuusugua ni kumfuta mtu.

Jirani yangu wa kibanda, mzee aliyeanza kukusanya bastola za jeshi tangu ujana wake, aliniomba aitazame. Nilichomoa magazini ya risasi, nikavuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nikamwonyesha chemba, pale inapokaa risasi, iko tupu, ndipo nikamkabidhi. Akatoa kioo cha kukuzia. "Remington Rand," akasema, kisha akanionyesha herufi tatu ndogo ubavuni, FJA. Ni za Frank J. Atwood, ofisa wa jeshi aliyesimamia ukaguzi.

Remington Rand walikuwa watengeneza taipu. Vita vilipopamba moto walitoa bastola hizi zaidi ya 800,000 kule Syracuse, New York. Union Switch & Signal, watu wa ishara za reli, walitengeneza pia. "Na Singer," mzee akaongeza. "Bastola 500 tu, mwaka 1941. Siku hizi anayeipata moja amepata nyumba."

Singer! Nimelelewa Tanga chini ya cherehani ya Singer. Mama alikuwa akishona sare za shule kibarazani, nami kazi yangu ilikuwa kudondosha mafuta kwenye vitundu vyake kila Jumamosi, tone moja kila kitundu, si mawili. Nilimwambia mzee hayo, akanyamaza kidogo, kisha akasema mtu aliyezoea kutunza mashine hawezi kuiharibu bastola.

Asubuhi tuliitwa kwenye mstari. Mashindano haya hulengwa kwa mkono mmoja, ule mwingine unautia mfukoni au unauacha kiunoni. Kwanza risasi 10 kwa dakika 10, umbali wa yadi 50, karibu mita 46. Kwa mbali duara jeusi ni dogo kama kifungo cha shati. Bastola ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na kufikia risasi ya nne bega linaanza kutetemeka. Siri yake ni kutazama kilengeo cha mbele kikae wazi kabisa, shabaha iachwe iwe ukungu, na kidole kiendelee kubana taratibu mpaka mlipuko ukushtue. Mimi niliusubiri mlipuko. Risasi zangu tatu za mwanzo zikaenda chini kushoto, mahali pa kila anayeogopa mkono wake mwenyewe.

Tulipohamia yadi 25, risasi tano kwa sekunde 20, kisha tano kwa sekunde 10, nilitulia. Chuma kile cha miaka zaidi ya sabini hakikukwama hata mara moja. Ganda lilikuwa likiruka kulia, slaidi ikirudi, kilengeo kikishuka palepale. Sikupata medali, wala sikuwa karibu nayo, lakini karatasi yangu ya mwisho ilikuwa na matundu matano yanayofunikwa na kiganja.

Mchana niliifungua mezani: springi ndefu, mtutu, kile kipande kidogo kinachouunganisha mtutu na fremu. Nikafuta masizi, nikapaka mafuta, tone moja kila mahali.

Kesho yake saa moja asubuhi, Tanga ikiwa saa nane mchana, nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala salama huko kwenye bunduki zako?"

Nikamsimulia habari za Singer. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nazo ziliandikwa kwa dhahabu, kama yangu?"

Nikamwambia hapana. Ni herufi zilizochongwa tu kwenye chuma: S. MFG. CO., na jina la mji, Elizabeth, New Jersey.

"Basi yangu ni nzuri zaidi," akasema.