Siku Moja Maishani Mwangu: Kufundisha Yoga Jijini Nairobi

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri huwa nimeshaamka, na kabla sijagusa simu ninatandika mkeka na kufanya mazoezi yangu mwenyewe kwa nusu saa, maana baada ya hapo mwili huu utakuwa wa kuwaonyeshea wengine hadi usiku. Wengi hudhani mwalimu wa yoga hufanyia mazoezi yake darasani. Sivyo. Darasani ninaonyesha mkao upande mmoja tu, ninauachia katikati ili nikamtazame mwanafunzi aliyebana pumzi, kisha ninarudi kuinama tena misuli ikiwa imeshapoa, na mtindo huo ndio unaotuumiza walimu viuno na nyonga.

Saa kumi na mbili na nusu ninamfundisha mteja nyumbani kwake Kileleshwa, na kufikia saa tatu niko ndani ya matatu ya Kangemi, mikeka nimeipakata.

Saa nne ni zamu ya akina mama wazee, darasa ninalolipenda kuliko yote. Tunatumia viti vya plastiki vya ukumbi, na kila mmoja huja na leso yake ya kufanyia kazi ya mkanda. Njia hii ina asili yake: B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyeeneza sana matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao ili mtu asiyeweza kukunjika apate mkao bila kujiumiza. Leo mama mmoja mwenye goti bovu aliizungusha leso kwenye wayo, akaanza kuivuta kwa nguvu zake zote huku mabega yakimpanda hadi karibu na masikio na taya ikikaza. Sikumgusa. Nilimwambia tu, "Mama, hebu toa pumzi kwanza, polepole, mpaka iishe." Mabega yakashuka yenyewe, na mguu ukanyooka kidogo bila kuvutwa. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kumbe nimejikaza hivi tangu asubuhi!"

Hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Mtu anapovuta hewa ndani, moyo huongeza kasi kidogo. Anapoitoa taratibu, neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, huupunguzia moyo mwendo. Ndiyo maana ninarefusha pumzi ya kutoka kabla ya kudai mkao wowote. Kila tarehe 21 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2014 kuwa ya yoga, picha zinazosambaa ni za watu waliosimama kwa vichwa, na mama wa goti bovu hapigwi picha.

Akina mama hawa huulizwa na majirani kama wamebadili dini. Mimi huwajibu waziwazi kwamba yoga ilizaliwa India na imefungamana na falsafa ya huko, kwamba sifichi hilo, na kwamba ukumbini kwetu hakuna anayeombwa kusali wala kuacha kusali.

Saa saba kasoro nilifika langoni mwa jengo la ofisi Upper Hill, ninakofundisha wafanyakazi wa kampuni moja wakati wa mapumziko ya mchana, na nikasimamishwa hapo dakika 20 kwa sababu jina langu halikuwa kwenye orodha ya wageni. Nilipoingia, chumba kilikuwa bado na mkutano. Ulipokwisha tulisogeza meza wenyewe, na saa moja ya darasa ikabaki dakika 35. Ndipo akaingia bwana mmoja wa makamo, akatandika mkeka mbele kabisa, simu akailaza kando ya mkono, akasema, "Mwalimu, mimi nataka jasho. Hii ya kupumuapumua nitaifanya nikilala."

Fomu yake ilionyesha kwamba anatumia dawa za shinikizo la damu. Nilimweleza kwa heshima kwamba kubana pumzi huku mtu akijikakamua hupandisha shinikizo hilo, na kwamba kuinamisha kichwa chini kwa muda mrefu hakumfai. Aliitikia, kisha akafanya yote mawili, tena haraka kuliko wenzake, mishipa ya shingo ikimtutumka. Kila nilipomrudia alipunguza mwendo, na kila nilipogeuka nilisikia kishindo chake tena, hata nikawa ninawafundisha wengine kwa jicho moja. Tulipolala chali mwishoni simu yake ililia, naye akaipokea akiwa amelala vilevile, akazungumzia zabuni kwa sauti kamili huku wenzake wakifumbua macho mmoja baada ya mwingine. "Mzee wangu," nilimwambia, "naomba uipokelee nje, ukimaliza urudi ulale." Alitoka, na kwa kweli akarudi. Nikamwomba aweke kiganja juu ya tumbo. Kiganja hakikuinuka hata kidogo, kwani pumzi yote ilikuwa ikiishia kifuani. Nilipiga magoti kando yake nikingoja, na baada ya muda kiganja kikaanza kupanda na kushuka, kwa shida. Alipoamka alisema jasho halikumtoka, akachukua viatu akaenda zake.

Mchana wa namna hiyo huchosha kuliko madarasa mawili ya kuruka na kupinda, kwa kuwa kutazama nako ni kazi ya misuli. Foleni ya Barabara ya Ngong ilinila jioni, sauti ikaanza kukwaruza, na darasa la mwisho nililifundisha karibu lote kwa kusema, bila kuonyesha. Mwanafunzi mmoja aliahirisha kwa ujumbe nikiwa tayari njiani, na kwetu darasa lisilofanyika halilipwi.

Usiku nilifuta mikeka, nikafungua daftari la wanafunzi. Kwa mama wa leso niliandika: goti la kulia, aanze na pumzi, asivute. Kwa yule bwana: alale chali kwanza, mkono tumboni, simu ibaki kwenye meza ya nje, na kabla ya yote nimuulize ni lini alipimwa shinikizo mara ya mwisho.