Mradi wa projekta: mvumo wa hezi 96 umekufa

Umekufa! Ule mvumo niliolalamika nao tangu masika umekufa. Jana usiku, uani kwetu Temeke, mwimbaji wa Kihindi ameimba wimbo mzima bila kukoroma, kutoka kwenye projekta ya milimita 35 ambayo muuza vyuma chakavu wa Gerezani alitaka kunipimia kwa kilo. Picha ilishakaa sawa zamani, msalaba wa Malta (kile kifaa kinachouvuta mkanda fremu moja moja) unavuta vizuri na fremu hazirukiruki. Kilichoninyima usingizi ni sauti.

Kila fundi aliyeisikia alisema kitu kimoja: umeme huo. Na kwa sikio hata mimi ningesema hivyo. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Sauti imechapwa pembeni mwa mkanda, taa ya sauti inaumulika, na selo, kijicho cha umeme upande wa pili, inageuza mwanga kuwa sauti. Taa hiyo ukiilisha moja kwa moja kutoka kwenye transfoma hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde, na selo inausoma huo mtikisiko kama sauti. Basi nikabadilisha kapasita, nikavuta waya wa ethi upya, nikaufunika waya wa selo. Wapi! Mwisho nikaing'oa taa kwenye umeme kabisa, nikaiwasha kwa betri ya gari. Mvumo uleule. Mama mwenye nyumba akachungulia dirishani: "Mwanangu, hiyo sinema au mzinga wa nyuki?"

Kilichonitoa gizani ni programu ya bure ya simu inayochora masafa ya sauti. Nikaiweka karibu na spika, mlima ukasimama kwenye hezi 96. Siyo 100. Hapo nikacheka peke yangu kama kichaa, maana 96 ina mwenyewe: fremu 24 kwa sekunde, matundu manne ubavuni mwa kila fremu, 24 mara 4. Nilikuwa nasikiliza matundu! Njia ya sauti ni ule ukanda mwembamba kati ya matundu na picha. Mkanda ukihama kidogo tu upande mmoja, mwanga unapita kwenye matundu, ndiyo huo mvumo. Ukihama upande wa pili, unasoma mistari ya kutenganisha fremu, unapata mgugumo wa 24, tuku-tuku-tuku kama mashine ya kusaga inayogoma kuwaka.

Sasa kwa nini unahama? Mkanda wangu unanuka siki. Wenye mikanda wanaijua harufu hiyo: asetati, ile plastiki ya mkanda, inaoza, na joto letu na unyevu wa pwani vinaiharakisha. Inapooza inasinyaa, kwa urefu na kwa upana. Halafu kile kirola chenye mabega kinachouelekeza mkanda kabla ya ngoma ya sauti, pale taa inapousoma, kilikuwa kimeliwa bega moja, ukipitisha ukucha unaingia kwenye mfereji. Mkanda mwembamba, kirola kipana, springi imelegea; ulikuwa unatembea kama mlevi wa Jumamosi. Nilimpelekea fundi wa kukereza, akanitengenezea kipya cha shaba nyeupe kwa kuangalia kile cha zamani, bila mchoro. Mkanda maalumu wa majaribio, wenye mlio wa hezi 300 upande mmoja na 1000 upande wa pili, sina. Nimerekebisha kwa sikio, robo mzunguko wa skrubu, sikiliza, robo tena, mpaka 96 na 24 zote zikanyamaza.

Kuhusu taa: najua wengi wanaing'oa ya zamani na kuweka LED nyekundu. Inafaa kwa mikanda ya kisasa ambayo njia yake ya sauti ni ya rangi ya samawati. Kwa mkanda wa zamani, ambao njia yake ya sauti ni ya chembe za madini ya fedha, taa ya waya iliyolishwa umeme wa betri inatosha kabisa, na selo ya silikoni inaipenda. Na tafadhali, multimita za bei ya chipsi za Kariakoo msizitegemee kwa jambo lolote zaidi ya kujua kama waya umekatika.

Namfikiria opereta wa majumba ya sinema ya Dar, Avalon, au Empire, au Odeon, miaka ya 1980. Picha zilikuwa zinaingia kupitia Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968. Fedha za kigeni zilipoadimika, nakala zilezile zikazungushwa mpaka zikachakaa. Yeye ana mkanda uliokatika na kuungwa, ukumbi umejaa, wa viti vya mbele wanapiga miluzi steringi akikatwa kichwa na fremu. Hana simu ya kumchorea mlima wa 96. Kaseti za video zikaja, televisheni ikaanza Bara 1994, vibanda umiza vikamaliza kazi.

Mwezi huu nilipanga kumalizia ramani yangu ya majumba ya sinema. Nimekwama Msasani. Drive-In ilifunguliwa pale 1966, watu wakitazama picha wakiwa ndani ya magari, na leo kiwanja hicho ni Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo 2003 baada ya ule wa zamani kulipuliwa Agosti 1998. Nenda kasimame ukutani na kamera uone utakavyoulizwa.

Ila nilipokuwa nasoma mambo ya Drive-In, akili ikaruka. Ile ya kwanza kabisa, ya Richard Hollingshead kule Camden, New Jersey, 1933, spika zilikaa kwenye skrini. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo gari la mita 100 nyuma linaona mdomo ukifunga, neno linafuata karibu theluthi ya sekunde baadaye. Na majirani hawalali. Dawa ikawa spika ndogo kwenye nguzo, unaitundika dirishani mwa gari. Nazitaka hizo! Uani haliingii hata gari moja, najua, lakini bajaji mbili zinaingia ubavu kwa ubavu.

Ramani itasubiri. Nimeshaongea na vijana wanaosubu sufuria za alumini, wamesema wakipata kielelezo cha mbao wanamwaga boksi la spika bila shida. Spika za inchi nne ninazo, za redio mbovu. Kinachonisumbua ni kila moja iwe na kitufe chake cha sauti bila kupunguza ya jirani. Mwenye potenshiomita za waya (vile vitufe vya kuzungusha vya kupunguza sauti), zile nzito, za ohmu chache, aniambie bei.