Kumtetea Mungu kwa uongo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuwa na amani. Tafakari hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, maana kila nilipotafuta neno la kuwatia moyo, Roho alinirudisha kwenye ule ujumbe niliowatumia Jumapili usiku. Mnaukumbuka. Ulisema kwamba Charles Darwin, yule Mwingereza aliyefundisha kuwa viumbe vimetokana na viumbe vilivyotangulia, alipokuwa kitandani anakata roho aliitisha Biblia, akalia, akayakana maandishi yake yote na kumkiri Yesu. Chini yake nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "Mwisho wa yote hata wao wanamjua aliyeumba." Mlinijibu Amina nyingi. Nikalala nimefurahi.

Jumatatu asubuhi akaniandikia binti wa kaka yangu, aliye mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma fizikia. Aliniandikia kando, asinivunjie heshima mbele yenu. "Shikamoo shangazi. Samahani, ile habari ya Darwin si kweli." Akanieleza pole pole. Darwin alifariki Aprili 1882. Habari ya toba yake ilisimuliwa na mhubiri mmoja mwanamke aliyeitwa Lady Hope, ikachapwa Boston, Marekani, mwaka 1915, miaka 33 baada ya mazishi. Mwaka 1922 Henrietta, binti wa Darwin, akaandika gazetini kwamba yeye mwenyewe alikuwa kando ya kitanda, kwamba bibi huyo hakuwapo katika ugonjwa ule wala ugonjwa mwingine wowote, na kwamba baba yake hakuyakana aliyoyafundisha.

Nami nikamjibu: "Mwanangu, usomi usikutoe kwa Mungu."

Akanyamaza. Nikajiona nimeshinda.

Jumanne usiku usomaji wetu ulifika Ayubu 13. Sura hiyo nimeisoma tangu ujana wangu, lakini mstari wa 7 sikuwahi kuuona ukinitazama namna ile. Ayubu anawauliza rafiki zake: je, mtanena yasiyo haki kwa ajili ya Mungu? Mtasema kwa udanganyifu kwa ajili yake? Wapendwa, niliifunga Biblia. Siku zote nimewahubiri wale rafiki watatu kama watu wabaya, na kumbe walikuwa wanamtetea Mungu. Karibu kila walilosema lingeitikiwa Amina kanisani kwetu. Bado mwisho wa kitabu hasira ya Bwana inawawakia wao, na Ayubu aliyeuliza, aliyelalamika, aliyedai jibu, ndiye anayeambiwa kwamba amenena yaliyo sawa (Ayubu 42:7).

Nikaanza kufikiri habari za huyo Darwin, ambaye kwangu alikuwa jina tu la kutupia mawe. Alikuwa na binti aitwaye Annie. Akafa mwaka 1851, ana miaka 10. Wengi walioandika maisha yake wanasema baada ya kaburi lile hakubakiwa na imani kubwa. Sisi tuliozika tunajua kaburi la mtoto linavyoweza kumfanya mtu. Na mimi, badala ya kumwona baba anayelia, nimemtungia toba ambayo hakuitubu, kisha nikampelekea Mungu toba hiyo kama zawadi.

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kuandika, maana kinachofuata kinaniuma.

Kaka yangu alifariki kwa ugonjwa wa figo. Miezi 14 tulikwenda naye kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, na wengi wenu mlichanga, Mungu awakumbuke. Usiku wa tatu wa matanga binti yake alikuja kuketi nami jikoni, wanawake wengine wamelala. Alikuwa kidato cha nne. Akaniuliza, "Shangazi, Mungu ndiye aliyeumba kila kitu?" Nikamwambia ndiye. Akauliza, "Na figo za baba pia ni yeye?"

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia asimkufuru Mungu baba yake hajamaliza hata wiki ardhini. Akasema, "Sawa, shangazi." Hajaniuliza tena neno lolote la imani tangu usiku ule. Jumatatu hii ndiyo mara ya kwanza aliporudi kugonga mlango, nami nikaufunga tena.

Watu wanadhani mjadala wa kama Mungu aliumba ulimwengu uko vyuoni, kwa maprofesa wenye miwani. Kwangu ulikuja jikoni, karibu na sufuria za matanga, kutoka kwa mtoto aliyekuwa anamtafuta baba yake. Sikuutambua.

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu wa shule ya Jumapili, niwaambie kwa upendo, na mimi nikiwa wa kwanza kwenye lawama: tumekuwa wavivu. Mtoto akiuliza "Mungu aliumbwa na nani?" tunamwambia hilo ni swali la shetani. Si swali la shetani. Zaburi 90 inalijibu, "tangu milele hata milele ndiwe Mungu," na mtoto asiporidhika, aulize tena kesho, kuna ubaya gani? Lakini sisi tunamfukuza, halafu tunasambaza habari ambazo hatujui zilikotoka. Kuna ile ya wanasayansi wa Urusi waliochimba shimo wakasikia vilio vya jehanamu. Shimo lipo kweli, liko Kola, lilipita kilomita 12 kwenda chini. Vilio havikuwahi kuwapo. Mimi nimeituma hiyo pia, mwaka juzi, na sauti yake.

Vijana wetu wana simu zile zile tulizo nazo. Dakika mbili tu, wameshajua. Sasa fikirini: akigundua kwamba shangazi yake alimdanganya kuhusu kitanda cha Darwin, na mwalimu wake alimdanganya kuhusu shimo la Urusi, kwa nini atuamini tunapomwambia kwamba kaburi la Bwana lilikutwa wazi? Tunalia madhabahuni kwamba kizazi hiki kinapotea, tunafunga siku tatu kwa ajili yao, na sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kwamba neno la mtu wa Mungu halina haja ya kuwa kweli! Tumwogope Mungu, ndugu zangu. Yeye aliyesema "usimshuhudie jirani yako uongo" hakuweka kifungu cha kuruhusu uongo unaomsaidia yeye. Petro anatuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kisha anaongeza, "lakini kwa upole na kwa hofu." Upole kwa anayeuliza. Hofu kwa ajili ya Yule tunayemsemea. Mimi Jumatatu sikuwa na hata kimoja.

Alhamisi nilimpigia simu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Nikamwomba msamaha kwa Darwin, kisha kwa usiku ule wa matanga. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio langu limekwisha. Halafu nikasikia analia, nami nikalia.

Tulizungumza zaidi ya saa nzima. Akaniuliza kama najua kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), ile isemayo ulimwengu ulikuwa na mwanzo, ambayo wahubiri wetu huikemea kama hila ya wasioamini, ilianza kwa padri. Sikujua. Padri huyo ni Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza kisha akapewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein alimwambia hesabu zake ziko sawa lakini fizikia yake haifai. Lemaître akaendelea, na mwaka 1931 akaandika kwamba ukirudi nyuma vya kutosha, vyote vilianza mahali pamoja, kama atomu moja. Waliompinga walikuwa na shaka na jambo hilo la kuwa na mwanzo, lilinukia Mwanzo 1. Jina lenyewe la Mlipuko Mkuu lilitoka kinywani mwa Fred Hoyle, ambaye hakuikubali, akizungumza redioni BBC mwaka 1949.

Kisha akanisimulia lililonishika zaidi. Novemba 1951 Papa Pio XII alihutubia wanasayansi Vatikani, akasema kwa furaha kwamba sayansi ya siku hizo inaonekana kuishuhudia ile "Iwe nuru" ya mwanzo. Nani angefurahi kuliko Lemaître? Padri, na nadharia ni yake, na Papa mwenyewe ameisifu mbele ya dunia. Lakini hakupendezwa. Alizungumza na mshauri wa Papa wa mambo ya sayansi, naye Papa hakulirudia dai hilo. Lemaître alishika kwamba hesabu zake ziko nje ya swali la kama Mungu yupo, kwamba asiyeamini naye anaweza kuzisoma akabaki asiyeamini. Katika ile karatasi ya mwaka 1931 alikuwa ameandika mwishoni maneno machache kuhusu Mungu aliyejificha, kisha kabla haijachapwa akayapiga mstari.

Nilimuuliza binti yangu, kwa nini ayafute? Akasema, "Labda hakutaka Mungu aning'inie kwenye hesabu, shangazi. Hesabu zikibadilika, Mungu anaanguka nazo."

Nimelala na maneno hayo. Mtu huyu alikuwa na ushahidi mzuri mkononi, hakuutia chumvi. Mimi sikuwa na ushahidi, nikatunga. Ni yupi kati yetu aliyeamini kweli kwamba Mungu yupo? Anayejua nyumba imejengwa juu ya mwamba haishikilii kwa mikono wakati wa upepo. Isaya 45:15 inasema, "Hakika wewe ni Mungu ujifichaye nafsi yako," na padri yule aliweza kumwacha Mungu afiche anachotaka kuficha, yeye akaendelea kuhesabu mchana na kusali. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, walitangaza kwamba antena yao inapokea mnong'ono kutoka kila upande wa anga, mabaki ya joto la ule mwanzo. Lemaître alipelekewa habari hiyo akiwa mgonjwa. Alifariki Juni 1966.

Waebrania 11:3 bado inasimama moyoni mwangu: kwa imani twafahamu ya kuwa ulimwengu uliumbwa kwa neno la Mungu. Kwa imani. Naamini hivyo leo kama nilivyoamini nikibatizwa. Ninachotubu ni kuona haya kusema "kwa imani," nikatafuta kitu cha kumnyamazisha mtu.

Tukarudi kwa Ayubu. Nilimwambia kwamba Bwana alipomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakumweleza kwa nini watoto wake walikufa. Alimtoa nje kumwonyesha misingi ya nchi, milango ya bahari, paa wanaozaa milimani. Na akamuuliza, "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Hapo akanikatiza. "Kilimia ni nini, shangazi?"

Wapendwa, sikujua kama nicheke au nilie. Babu yake, baba yangu mimi, alikuwa mvuvi na mkulima, na Kilimia ndicho kilichokuwa kalenda yake. Tukiwa watoto tulikariri: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alitunyoshea kidole kile kijikundi cha nyota, tukashindana nani anahesabu nyingi. Nilikuwa na miaka minane, mwaka 1970, siku ya Jamhuri, sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliporusha chombo cha angani kutoka lile jukwaa la Waitaliano baharini hapa Ngomeni, karibu na Malindi, kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kilikwenda kupima miale ya eksirei, kikaorodhesha vyanzo zaidi ya 300 ambavyo jicho halivioni. Watu wazima waliogopa. Baba alisema tu, "Wanakwenda kuangalia kazi ya Mungu kwa karibu." Hakusoma hata darasa moja. Na hakuogopa kwamba wataangalia wakaona vibaya.

Binti yangu alipoelewa ninasema nyota gani, akaniambia yeye anazijua kwa umbali wake, miaka ya nuru kama 440, yaani nuru yake husafiri miaka hiyo yote kutufikia. Akasema nuru tunayoiona leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Lakini hakujua babu yake alikuwa na jina la nyota hizo, wala kwamba jina hilo limo kwenye Biblia.

Nilimuuliza, kwa woga, kama bado anaamini kuna aliyeviumba hivyo. Akasema, "Sijui, shangazi. Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana." Nilitaka kumjibu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza, nikamwambia nimesikia, na kwamba swali la figo za baba yake silijui jibu lake hadi leo, nami huwa namuuliza Mungu usiku.

Mwombeeni. Niombeeni na mimi. Atakuja Desemba chuo kikifungwa, ameniomba nimwonyeshe Kilimia kama babu alivyokuwa akituonyesha. Jioni za mwezi huo, giza likiingia, kinakuwa kimeshapanda juu ya bahari.