Mizani ya Sonara

Ami yangu alipokuja Mombasa kwa arusi ya dada alikuwa na maradhi mapya: kujijazia risasi mwenyewe. Huko Texas anakoishi, mtu hununua vichwa vya risasi, baruti na fataki, yaani kile kidude cha kitako cha risasi kinachoiwasha baruti, dukani, akaokota maganda aliyokwisha kuyapiga, akayajaza upya mezani kwake. Hapa kwetu jambo hilo hata kulitaja barazani watu wanageuza shingo. Basi alitusimulia ndani, dukani kwa baba, Mji wa Kale, baada ya laasiri, kahawa tungu mkononi.

Baba hakupenda habari za bastola. Alikuwa akimsikiliza kwa sikio moja huku akipiga msasa bangili, mpaka Ami alipotaja kwamba vitu vyao vyote hupimwa kwa greni, kile kipimo kidogo cha uzito. Msasa ukasimama.

"Greni hizi hizi zetu?"

"Hizo hizo, kaka."

Masonara wa zamani wanajua tola moja, uzito wao wa kupimia dhahabu, ni greni 180. Baba akatoa jiwe la tola akamtilia Ami kiganjani. Kichwa anachotumia Ami kulengea shabaha, cha rivolva ya .38, ni greni 148, tola hakifiki. Ni cha madini ya risasi matupu, uso wake bapa, kwa sababu bapa hukata karatasi tundu safi la duara na ubishi wa alama ukaisha. Lakini madini hayo ni laini. Ukiyasukuma kwa kasi yanababuka na kuganda ndani ya mtutu, ndiyo maana vichwa vya kasi huvikwa shaba, au madini yakachanganywa na antimoni na bati yawe magumu. Hapo baba hakuuliza kitu. Kutia shaba kwenye dhahabu ndiyo kazi yake.

Ugomvi ulikuja kwenye baruti. Ami alisema iko ya kuwaka upesi sana, ambayo greni 3 hivi zinatosha kwa ganda moja la .38. Baba akapiga hesabu kichwani: ratili ni greni 7000, kwa hiyo risasi zaidi ya 2300. "Basi chukua hiyo! Nyingine ya nini?"

Ami akacheka, akaomba kifuniko cha kalamu ya shaba. Ganda la .38, alisema, ni la enzi za baruti nyeusi, iliyokuwa ikilijaza. Baruti ya leo ni kali, kidogo tu yatosha, na juu panabaki ukumbi. Akatia kifunikoni chembe za sukari, kisha akatia tena kiasi kile kile. Ilibidi nikiinamishe kwenye taa ndipo nione tofauti.

"Hapo nishatia mara mbili. Nikipiga, rivolva inaweza kunipasukia mkononi."

Akakung'uta, akaniagiza majani ya chai. Kipimo kimoja kikapita nusu. Cha pili kikamwagika mezani, juu ya bangili za watu. "Yangu mimi ni hii ya kujaa. Inakula zaidi, lakini nikisahau inanipigia kelele." Hata hivyo kila ganda hulimulika kwa tochi kabla ya kulitia kichwa, na kipimo hukisoma kwenye kitabu cha mtengeneza baruti, akaanzia cha chini. Vipimo vya mdomoni mwa rafiki hataki kuvisikia.

Baba alishikilia kwamba yeye angechukua ile ya bei nafuu akaangalia mara mbili. Mimi nilikuwa na Ami, na niko naye hadi leo: jicho la mtu huchoka, majani ya chai hayachoki.

Siku ya kuondoka baba alimpa jiwe la nusu tola, greni 90, ahakikishie mizani yake. Afisa wa uwanja wa ndege aligeuzageuza kile kipande cha shaba, akauliza ni cha nini. Ami akasema cha kupimia dhahabu, akaachiwa.