Ukiwekewa stenti, usitoke hospitali bila rufaa ya mazoezi ya moyo

Hapa Houston, Marekani, habari za mtu wetu kupata mshtuko wa moyo zimekuwa za kawaida mno, na wengi ni watu wa makamo ambao bado wanabeba boksi usiku na mchana. Kuuguzana tunajua. Zamu za kulala hospitali tunapangiana, supu tunapeleka, mchango unapita kwenye kundi. Mgonjwa akisharuhusiwa, basi, tunaona yamekwisha. Mwenzetu anakalishwa kwenye kochi, anaambiwa asinyanyue hata kikombe, na kila anayekuja kumjulia hali anamsisitizia apumzike.

Ushauri huo unatoka kwenye upendo, lakini unamrudisha mtu nyuma. Zamani hata madaktari waliwalaza wagonjwa wa mshtuko kitandani wiki kadhaa, mpaka Samuel Levine na Bernard Lown kule Boston walipoanza kuwakalisha kwenye viti, wakaandika matokeo yao mwaka 1952. Leo aliyepata mshtuko, aliyewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo), aliyepandikizwa mishipa ya moyo au aliyebadilishiwa valvu anastahili kuandikiwa rufaa ya utengamao wa moyo: mazoezi yanayosimamiwa, elimu ya dawa na chakula, na mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu.

Mjomba wangu ni dereva wa lori. Siku anaruhusiwa alipewa bunda la karatasi, na rufaa hiyo ilikuwa mstari mmoja katikati ya maelezo ya dawa. Hakuna aliyekaa naye akamweleza. Baadaye kituo kilimpigia kwa namba asiyoijua, naye hakupokea, kwa sababu hapa namba ngeni ni ya mdai au tapeli. Rufaa ikalala. Iliamshwa na nesi wa Kinigeria kwenye kliniki ya moyo, aliyemuuliza wakati anampima presha, "Mazoezi umeshaanza?" Akaona mjomba anamtazama tu, akanyanyua simu palepale akamtafutia nafasi.

Nilimsindikiza mara ya kwanza. Ni ukumbi wa kawaida wenye baiskeli na mashine za kutembelea. Walimbandika vinasa mapigo kifuani, na nesi akawa anausoma moyo wake kwenye skrini wakati anatembea. Kila baada ya muda alimwonyesha ubao wenye namba kuanzia 6 mpaka 20, amwambie kazi inamlemea kiasi gani. Mjomba alivishikilia vyuma vya mashine kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka kabla hata hajachoka. Ilikuwa hofu tu. Mwisho wa kipindi presha ilipimwa tena, na nesi akamwambia mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, kwamba mapigo yamekwenda vizuri muda wote. Mama yule alikuwa hamruhusu mumewe kupanda ngazi peke yake. Alilia pale pale kwenye kiti. Kwangu, hilo ni nusu ya tiba yenyewe: familia kuona kwa macho kwamba moyo wa mtu wao unaweza kufanya kazi.

Mpango wa kawaida ni vipindi 36, mara nyingi vitatu kwa wiki. Kuvimaliza kuna maana. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa wazee zaidi ya 30,000 wenye Medicare, bima ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee: waliohudhuria vipindi vyote 36 walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 14 kuliko walioishia 24, na chini kwa asilimia 47 kuliko waliokwenda kimoja tu. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kabisa faida ya mazoezi na uimara wa waliomudu kuhudhuria, lakini mimi unanitosha kumsukuma ndugu yangu aende. Na bado, kati ya wazee wa Medicare wanaostahili, wanaoshiriki ni kama robo tu, wakati lengo la mpango wa kitaifa wa Million Hearts ni asilimia 70. Wanawake na watu weusi ndio wanaoandikiwa rufaa kidogo zaidi, kwa hiyo mama zetu tuwasemee kwa sauti.

Vikwazo najua vipo. Vituo vingi hufanya kazi mchana, na aliyetoka zamu ya usiku anataka kulala. Hela nayo: Medicare ya kawaida hulipia asilimia 80 na kumwachia mgonjwa 20, na bima za kazini zinatofautiana, nyingine zinatoza kila unapokwenda. Piga simu bima kabla ya kuanza, uulize kila kipindi utachangia kiasi gani. Ukishindwa ratiba, ulizia kama kuna mpango wa kufanya sehemu ya mazoezi nyumbani kwa uangalizi wa kituo.

Kama una mtu aliyetoka hospitali miezi kadhaa iliyopita na hakuna aliyemtajia jambo hili, hajachelewa. Kwa Medicare, aliyepata mshtuko ndani ya miezi 12 iliyopita bado anastahili. Rufaa ni ya daktari kuiandika, na inaombwa kwenye miadi yoyote ya kliniki, hata kwa simu inayopigwa na mtoto wa mgonjwa.