Tom Zé kwa masikio ya kidumbak

Anayetaka kumwelewa Tom Zé, mwanamuziki wa Brazili, na aanze na albamu yake Estudando o Samba ya 1976. Mtu wa jimbo la Bahia huyu kaichukua samba, ngoma ya kwao, kaivunja vipande: nyimbo nyingi zina jina la neno moja fupi tu, Mã, Toc, Hein?, na vidundo vidogo vinarudiwa kimoja juu ya chengine mpaka vurugu lenyewe linakuwa mwendo. Nyumbani kwao albamu haikuuzika. Ni David Byrne, mwanamuziki wa Marekani, aliyekuja kuzitoa nyingi ya nyimbo zake kwa dunia mwaka 1990, katika mkusanyo, na zilistahili zamani.

Hapa Unguja mbinu ile ya kupandanisha vidundo inakubali kabisa kwa kidumbak, ngoma yetu ya harusini iliyo ndugu wa taarab. Anza na sanduku, besi yetu ya kasha na mshipi mmoja, peke yake, duru nne, kisha cherewa za kutikisa, kisha mkwasa, vijiti vya kugonga. Vidumbak, zile ngoma ndogo mbili, viingie mwisho. Fidla mwache anyamaze.

Kazi ni kulirekodi sanduku. Bandika kidude cha piezo (kisahani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) cha milimita 27 kwenye ubao lilipo tundu la mshipi, vidole vitatu pembeni. Ukikisogeza karibu zaidi na tundu utapata mkwaruzo mtupu. Usikichomeke moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti: tundu lake la waya, lenye ukinzani wa kilo-omu 10, linamaliza besi kuanzia kama hetsi 800 kushuka chini, na sanduku linalia kama kopo. Tafuta tundu la gitaa, la mega-omu 1. Waya ulioulehemu upake rangi ya kucha, maana hewa ya chumvi hula shaba upesi. Na feni izimwe.