Usiku ukungu ulipofunguka bila jua

Dishi la rada la Chilbolton lina upana wa mita 25, na usiku ule tulisimama mguuni pake tusilione. Taa ya mlangoni ilikuwa duara la njano lisilomulika kitu. Mwenzangu, mwenyeji wa Limuru, alivuta kofia mpaka masikioni akasema, "Bwana, hii ni ya nyumbani kabisa." Mimi wa Njombe nilimbishia: ukungu wa kwetu unanukia moshi wa miwati, huu haunuki chochote.

Ilikuwa Januari, mwaka tuliosoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Kutoka pale hadi Chilbolton, kijiji cha Hampshire chenye uwanja wa ndege wa zamani wa kivita, ni kama saa moja kwa gari. Mwalimu wetu alikuwa ameona mchana kwamba usiku ungekuwa shwari, anga wazi, ardhi mbichi, hali inayozaa ukungu, akatubeba. Alikuwa na chupa ya chai ya maziwa isiyo na chembe ya sukari, jambo ambalo hatukumsamehe.

Ndani, skrini ya rada kubwa ilikuwa tupu. Nje ukungu umefunika hadi vioo vya gari, na chombo cha thamani namna ile kinasema hewa ni safi. Nilimuuliza mwalimu kama kimezimwa. Akachukua karatasi.

Tone la ukungu, alisema, lina kipenyo cha mikromita 20 hivi. Tone la mvua la milimita 2 linalizidi mara 100. Lakini mwangwi unaorudi kwenye rada hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara sita, kwa hiyo tofauti si mara 100, ni mara trilioni moja. Rada ile kubwa hutumia mawimbi ya sentimita 10. Ni bingwa wa mvua, na ukungu kwake ni kama haupo. Ukitaka kuona vitone vidogo, fupisha wimbi. Jirani yake palikuwa na rada ndogo ya gigahezi 35, imetazama juu wima, wimbi lake halifiki hata milimita 9. Kwa tone lilelile, ufupi huo peke yake huongeza mwangwi takriban mara 18,000.

Nikadhani basi sasa tutauona. Wapi. Rada ya mapigo hutuma kwanza, kisha husikiliza, na mwangwi wa kitu kilicho mita 150 juu yako hurudi ndani ya mikrosekunde moja, chombo hata hakijamaliza kupaza sauti yake mwenyewe. Ukungu wetu ulikuwa mwembamba, umelala palepale rada isipoweza kusikia. Kipimo cha leza nacho kilikuwa kimezama: mwanga wake ulimezwa na ukungu papo hapo, ukarudisha habari za ukungu tu.

"Sasa tumefuata nini huku?" mwenzangu alininong'oneza kwa Kiswahili.

Jibu lilikuja baada ya saa nane usiku. Kwenye skrini ya rada ndogo, kilomita 6 juu, palitokea utepe wa samawati. Mawimbi yake yalikuwa yanapita kwenye ukungu kama haupo, na juu kule yalikuwa yamekutana na fuwele za barafu. Kwa macho tusingejua kamwe. Kipimo cha leza hakikujua. Utepe ukanenepa, tumbo lake likashuka hadi kilomita 5, kisha 4. Mwalimu alisimama, na hakuwa mtu wa kusimama ovyo. Wingu la mvua lilikuwa linakuja kutoka Atlantiki.

"Ukungu huu haufiki asubuhi," alisema.

Nilikataa. Nimekulia mahali ambapo watu wanajua mambo haya: ukungu husubiri jua lichome, na Januari kusini mwa Uingereza jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi. Hakucheka. Alisema ukungu wa aina hii unaishi kwa baridi ya mgongo wake. Usiku wa anga wazi, sehemu yake ya juu hupoteza joto kuelekea angani, inapoa, na vitone vipya vinazaliwa. Wingu likija juu, linaurudishia joto kama blanketi. Ardhi nayo chini bado ina uvuguvugu wa mchana. Ukungu unakosa chakula. Upepo unaotangulia mvua unamalizia.

Tukakaa kuangalia kipima mwono wa mbali. Chini ya mita 1,000 ndipo wataalamu huita ukungu. Sisi tulikuwa hatujafika mita 100. Saa tisa ilipita hivyohivyo, nami nikaanza kujisikia mshindi. Kisha namba zikaanza kupanda, zikashuka, zikapanda tena. Saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, tuliona taa za kijijini. Juu hapakuwa na nyota hata moja.

Njiani mwenzangu ndiye aliyeanza. Alisema sheria ya mwalimu ni nzuri, lakini haiendi Limuru. Kule ukungu mwingi hauzaliwi ardhini. Ni hewa yenye unyevu inayosukumwa na upepo wa mashariki kupanda mlima, inapoa, inakuwa wingu, na mtu wa Limuru anajikuta amesimama ndani yake. Blanketi la juu lina kazi gani hapo? Nikasema ndiyo maana rada isiwekwe Limuru kwenyewe, iwekwe bondeni na iinamishwe, ilitazame wingu likipanda. Bonde gani? Nikataja Naivasha. Akasema huo ni upande wa nyuma ya mlima, weka Ruaka, upande upepo unakotokea. Tuliingia Reading, wipa zikifuta mvua, bado tunabishana.